Mgonjwa Aje Nimwone

Jumamosi. Tangu alfajiri upepo unapiga bati la jikoni. Mawingu yapo, mvua haitaki kushuka. Mkono wangu wa kushoto umevimba kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, kwa hiyo naandika haya kwenye simu kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Watu wanaita kuchapa. Leo neno hilo limenikaa vibaya.

Jana nimechapwa.

Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, mtu mzima, mama wa mtoto, nimechapwa fimbo mbele ya wanafunzi wangu. Na nilistahili. Naandika mwenyewe kabla mtaa haujanisimulia, maana huku pembeni ya mji wa Singida habari haikosi wa kuitia chumvi.

Darasani kwangu kuna sheria niliyoitunga mwenyewe: mgonjwa aje nimwone. Nilikuwa nimechoshwa na watoto wanaoshinda mashambani kufukuza ndege kwenye mtama, halafu wanakuja na sura ya huruma kuniambia walikuwa na homa. Basi nikasema hakuna kuumwa nyumbani kimyakimya. Unaumwa? Njoo shuleni nikuone kwa macho yangu, nikupe ruhusa, ndipo urudi ukalale. Usipokuja wewe ni mtoro, na mtoro ana fimbo mbili za kiganja. Wenzake wanamhesabia kwa sauti. Hilo la kuhesabu nalo niliwafundisha mimi.

Mahudhurio yalipanda. Nilisifiwa kwenye kikao cha walimu, nikavimba kichwa mwezi mzima.

Mtoto mwenye homa anatembeaje mpaka shuleni kuonyesha homa yake? Sikuwahi kujiuliza. Hata muhula uliopita, alipokuja mmoja nimwone macho mekundu, nikamwona, nikamshika na kidevu nimwone vizuri, na wiki iliyofuata nusu ya darasa walikuwa wanafikicha macho pamoja na mwalimu wao, bado sikujifunza kitu. Nililaumu vumbi.

Jumatano Zuhura hakuja. Ni binti wa miaka tisa, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Mama yake anauza vitunguu barabarani. Alhamisi nayo hakuja. Jana akaja, amechelewa, sweta limefungwa vifungo hadi kooni na jua limeshawaka. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja unione."

Nilimwona. Midomo imekauka, macho mazito, anaegemea mlango. Mimi nikaona uvivu. Nikamuuliza siku mbili alikuwa wapi, akasema alikuwa anaumwa. Nikamuuliza nani alimwona.

Nikachukua fimbo.

Hapa sitajificha. Ya kwanza ilitua kiganjani, darasa likaitikia "moja!", naye akajikunja. Nikamshika mkono ili asikwepe ya pili, na ule mkono ulikuwa unaunguza kama kikombe cha chai. Nilijua. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: nilijua, na bado nikapiga ya pili, kwa sababu darasa zima lilikuwa linanitazama na nilishasema mbili.

"Mbili!"

Akatapika miguuni pangu. Kisha akaanguka, mwili ukakakamaa, degedege. Visigino vinagonga sakafu, ameng'ata ulimi, damu imechanganyika na mate shavuni. Watoto wakapiga mayowe, wengine wakarukia dirishani. Nilimbeba nikakimbia naye hadi barabarani, nikapata bodaboda, na njia nzima kichwa chake kilikuwa kinagonga kifua changu. Nilikuwa namwita kwa jina. Hakuitika.

Zahanati walimpima. Malaria, tena imeshapanda. Muuguzi alipomnyoosha mkono ili amtundikie dripu aliona mistari miwili kiganjani.

"Nani kampiga mtoto huyu?"

"Mimi."

Alimaliza kazi yake kwanza. Kisha akanigeukia, mama wa makamo, sauti haikupanda hata kidogo, na ndiyo maana ilinikata.

"Mwalimu, mtoto akichemka anabaki nyumbani, au analetwa hapa. Hapa, siyo kwako. Akitapika, akiharisha, akitokwa na vipele, macho yakitoa tongotongo, anabaki nyumbani. Homa ikiisha hata leo, mpe siku nzima bila dawa ya homa, uone kama hairudi. Kama ni mafua tu na anacheza, aje shule, mfundishe kunawa mikono. Hivi unavyo vipimo huko darasani? Wewe unamwona nini?"

Nilirudi shuleni kwa sababu watoto nilikuwa nimewaacha peke yao na matapishi yako pale pale.

Mama Zuhura alinikuta humo darasani, nimepiga magoti na tambara. Alikuwa ametoka kumwona mtoto. Hakunisalimia. Fimbo yangu ilikuwa bado chini, akaiokota.

"Nilimwambia abaki! Akalia, akasema mwalimu lazima anione. Mtoto hawezi kusimama, analilia kuja kwako! Haya, umemwona?"

Akanipiga begani. Nikasikia darasa nyuma yangu, wale watoto wangu, kwa sauti ndogo ya mazoea: "moja."

"Umemwona?"

Hii niliikinga kwa mkono. "Mbili."

Ya tatu ikanipata kiwikoni, ya nne usoni, na darasa likawa kimya kabisa. Hawakujua kama waendelee. Kwangu hawajawahi kupita mbili. Fimbo ikavunjika kwenye mkono wangu, akaitupa, akaingia na ngumi, akanivuta kilemba mpaka nikalala chini, akawa ananipiga huku analia, na mimi nalia. Sikumshika mikono. Kila ngumi ilikuwa na swali lile lile.

Walimu wanaume wawili ndio waliomtoa. Mmoja aliniuliza kama twende polisi. Nikamwambia tukienda polisi tutaanza na mimi. Ile fimbo sikupewa kibali na mwalimu mkuu cha kuitumia, wala sikuiandika kwenye kitabu cha adhabu.

Kuna jingine. Nimelizunguka tangu mwanzo, nalisema sasa.

Jumanne binti yangu mwenyewe, Salma, aliamka anachemka. Nilimfunika blanketi, nikampikia uji wa ulezi, nikampigia simu mwalimu wake kwamba leo haji. Simu ya nusu dakika. Hakwenda kuonwa na mtu.

Kwa wangu nilijua la kufanya.

Asubuhi hii nimempigia mwalimu mkuu. Nimemwambia sheria yangu imekufa, na kwamba Jumatatu nitawaambia watoto hivyo mstarini, na nitawaambia pia nani alimpiga Zuhura akiwa na homa. Anayeumwa abaki nyumbani, mzazi atume neno, nami nitapita jioni kumjulia hali. Akasema nisubiri, tusikurupuke, mahudhurio yatashuka. Nimemjibu yashuke. Kama ataniandikia barua ya onyo, aandike.

Halafu nikabeba chupa ya uji, nikaenda zahanati.

Mama Zuhura alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Vidole vyake vina michubuko ya zile ngumi alizonipiga. Aliniangalia mkono uliovimba, akasogeza miguu nipite. Nikaweka uji chini.

Homa imeshuka. Zuhura alikuwa macho, ulimi mzito kwa kile kidonda, nywele zimelowa jasho. Aliponiona akaanza kujiinua. Mama yake akamzuia kwa kiganja kifuani, lakini alikuwa anahangaika, anatafuta kuketi wima kama wanavyoketi mbele yangu. Hajui kwamba leo ni Jumamosi.

"Mwalimu," akasema. "Umeniona?"

Mama yake akageukia ukutani.

"Nimekuona, mwanangu."

"Kwa hiyo nina ruhusa?"

Nikamwambia ndiyo. Akashusha kichwa kwenye mto, akalala.