Beseni la Mafuta ya Nazi

Jumatatu, 8 Julai 1974

Mwalimu Dzombo amenifutia ubao tena! Nilitoka kutafuta chaki tu. Niliporudi, mchoro wangu wa utando wa seli haupo — pana wake. Mafuta katikati, protini juu na chini, kama vipande viwili vya mkate na siagi. Akawaambia wanafunzi mbele yangu kwamba utando ni ukuta, na ukuta hautembei. "Mwanarusi mwanangu, usiwachanganye watoto kwa mambo ya Nairobi." Mwanangu! Na asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote.

Mimi nafundisha nilivyofundishwa chuo kikuu: mafuta ya utando ni majimaji, protini zimezama humo, zinateleza, zinapishana. Kitabu chake yeye kina umri wangu.

Jumatano, 10 Julai

Amenichongea kwa mkuu wa shule. Ati nafundisha uzushi. Mkaguzi anakuja Ijumaa kukaa darasani mwangu. Asiporidhika, sithibitishwi kazini — nirudi Kinondo nikakune nazi na mama. Karani ndiye aliyeninong'oneza. Dzombo alikuwa pale pale na chai yake, ananichekea. Namchukia. Naam, nimeandika.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata dawa yake! Beseni la kioo, mafuta ya nazi aliyoyapika mama, vipande vya vizibo ndivyo protini. Jua la saa nane, nikapuliza kidogo — vizibo vikateleza, vikapishana, hakuna kilichokaa mahali pake. Wasichana wakapiga makofi. Kesho atauona ukuta unavyotembea. Nimeliacha beseni maabara, nimelifunika kanga.

Ijumaa, 12 Julai

Ya Rabi. Mvua usiku kucha, baridi. Mkaguzi akafika kipindi cha kwanza. Nikaifunua kanga kwa mbwembwe — mafuta yameganda! Meupe, magumu, vizibo vimenasa. Mimi, mtoto wa Kinondo, niliyepakwa mafuta ya nazi tangu uchanga, nimesahau kwamba mwezi huu huganda! Nikapuliza. Nikapuliza tena. Msichana mmoja akacheka.

Dzombo, aliyejikalisha kando ya mkaguzi, kwa upole wake ule wa sumu: "Ahsante, binti yangu. Huo ndio ukuta."

Nikasema hata utando hukakamaa kwa baridi, ndiyo maana seli huchanganya mafuta ya aina mbalimbali, mengine hayagandi upesi. Kweli tupu! Lakini nikaonekana najitetea tu. Mkaguzi akauliza: kwa hiyo yanatembea au hayatembei? Nikamwomba tuliweke beseni dirishani, jua limeshatoka. Akakubali. Atakunywa chai kwa mkuu wa shule, akirudi atazame mwenyewe, ndipo aandike ripoti yake.

Naandika haya chumba cha walimu. Nimekwenda kuchungulia mara moja: kingoni yameanza kuyeyuka, kizibo kimoja kimeinama. Bado kidogo tu! Kutoka hapa naliona dirisha la maabara, na beseni linang'aa.

Nani yule? Dzombo. Peke yake. Anatazama huku na huku. Analivuta beseni — analitia ndani, kivulini!

Mzee huyu anajua! Kama ni ukuta, analiogopea nini jua?

Mlango wa mkuu wa shule unafunguliwa. Mkaguzi huyo anatoka, anaelekea maabara, na Dzombo bado amelishika beseni —