Garra ya Trekta na Shamba la Mama

Olumbi,
14 Oktoba 2025

Mpendwa Kaka Jamaldine,

Assalam aleikum. Mgongo wako unaendeleaje, na Wifi Mariamo jino limemwachia? Sisi huku wazima. Zuleica alishikwa na homa siku tatu ikamtoka, alhamdulillahi. Ila mimi usingizi umenihama, na sababu yake utaiona humu.

Naandika kwa mkono kwa kuwa simu tumeshaijaribu. Kila nikimtaja mama, eti mtandao unakatika. Kaka, nimezaliwa nyuma yako lakini sikuzaliwa jana. Bachir anavuka mpaka pale Namoto kesho na samaki wake wakavu. Nimemwambia akupe barua hii mkononi na asirudi bila jibu.

Trekta letu limefika. Ni dogo, nguvu za farasi ishirini na tano, la kutumia kwa zamu sisi tuliorudi baada ya vita, kaya kumi na tisa. Mashamba yamegeuka pori, minazi iliyokufa imelala ovyo, mapanga yametushinda. Sasa mradi uliotuletea trekta unatupa na garra, yale makucha ya chuma yanayofungwa mbele ya trekta yakakumbata magogo na vichaka na kuvibeba. Garra moja tu. Na wa kuchagua nimewekwa mimi, kisa najua kusoma karatasi za Kireno.

Fundi Hermínio alileta mbili tuzione. Moja ni pana, meno yake ya chini marefu, yanazama ardhini na kung'oa kisiki na mizizi yake. Nyingine nyembamba, nyepesi, inakamata kilicholala juu tu, udongo inauacha. Watu wote waliitaka ile pana. Mimi niliganda, naangalia yale meno yanavyotoka na udongo.

Unajua nilikuwa nawaza nini.

Nikasimama nikawaambia ile pana ni nzito kwa trekta dogo, ikibeba gogo nyuma kutanyanyuka, na Milton anayeliendesha atapinduka nalo. Si uongo, hata Hermínio alisema itabidi tufunge uzito nyuma. Lakini silo lililonisimamisha. Sikusema kwamba mama yumo mle shambani mwake na mimi sijui yuko wapi. Naona haya, kaka. Mtu mzima nimwambie nani kwamba silijui kaburi la mama yangu?

Nimeingia mle mara tatu. Chaquir alisema ni chini ya mkorosho wake, lakini mkorosho uliungua, sasa ni kisiki kati ya visiki, sijui kipi ni kipi. Siku ile ya kukimbia mimi nilikuwa nimetangulia na watoto. Mlimzika wewe na Chaquir, mbio mbio, bila jiwe wala kijiti cha kichwani, mkasawazisha udongo asije mtu akaufukua. Sikulaumu, mngefanya nini. Ila mdogo wetu Chaquir naye ametutoka, na anayejua umebaki wewe peke yako.

Jirani yangu Josefina, yule wa kutoka Mueda, siku hizi hanisemeshi. Shamba lake ni visiki vitupu, garra nyembamba haitamfaa kitu, na mvua hizo zinakuja. Ana haki yake. Nikipita mlangoni kwake naharakisha kama nimemwibia kuku.

Hermínio anataka jibu Jumamosi ya wiki ijayo. Nikijua mama alipo, tutazungushia miti, Milton apite mbali, nami nitachukua ile pana watu walime. Nisipojua, nitachukua nyembamba, Josefina abaki na visiki vyake bila kujua kwa nini. Na hata hivyo moyo hautatulia, maana magurudumu nayo yatapita juu yake.

Kaka, najua unachokikwepa. Chaquir aliniambia kabla hajafa. Sanda haikupatikana, mkamfunika kwa kapulana yake ya njano, ile ya kujifunga kiunoni, na wewe ukalia mpaka akakuvuta mkono. Nimelijua hilo mwaka wa pili huu na sijakuona vibaya hata siku moja. Mama aliipenda sana kapulana ile. Sikuulizi lolote la siku ile.

Nisalimie Wifi, na Nélio, mwambie shangazi yake anataka kuona cheti cha shule. Cleide nimbusie kwenye paji la uso. Mungu aufanye mwepesi mgongo wako na kifua chako pia.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimechora kisima, njia ya kwenda kwa Josefina, na visiki vitatu kama vilivyokaa. Usiandike neno hata moja. Weka nukta tu, mrudishie Bachir. Kalamu anayo, nimempa ya kwangu.

Mdogo wako, ambaye hajaacha kukupenda,
Hafsa