Wageni wa Amoit Nitawapokea kwa Miguu Yangu

Baba Amoit,

Salamu zako zimefika. Ndugu yako alisimama mlangoni pangu hapa Amukura akiangalia chini. Akasema Jumamosi, wageni wa mahari ya Amoit wakija, utavuka mpaka pamoja na yule mwanamke wako wa Tororo, na yeye ndiye atakayewapokea na kukaa kwenye kiti cha mama. "Si unajua hauwezi simama," akaniambia, kama ulivyomtuma. Nilimpa chai, akanywa haraka akaenda.

Unakumbuka Malaba? Wewe ukiziba pancha za malori, mimi nikipita kando ya foleni na beseni la mayai ya kuchemsha, toka lori la kwanza hadi la mwisho, kisha narudi. Siku tuliyokosa gari tulitembea hadi huku nyumbani. Viatu vyangu vilikatika, ukanivalisha vyako, ukawa unanifuata peku huku ukilalamika, "Mama, punguza mwendo, hakuna mtu anakufukuza." Nilikupenda sana siku ile. Najichukia kidogo kwa kuikumbuka.

Halafu mkono wangu ukaanza kutetemeka, na daktari akasema ni Parkinson. Tangu hapo hukusikia kitu kingine. Nikikuambia nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa, ulisema, "Ni hiyo ugonjwa yako." Goti lilipovimba, ni hiyo ugonjwa. Asubuhi moja niliinuka kitandani, dunia ikazunguka, nikaanguka mbele yako. Wewe uliniruka ukaenda kuoga. Hilo sijalisamehe na sina mpango wa kulisamehe. Mwezi huo huo uliondoka, na kanisani ukawaambia watu kwamba miguu yangu imekwisha.

Sasa nikwambie usilolijua. Amoit alinipeleka kliniki nyingine, Busia. Daktari, msichana wa umri wake, alinivua viatu akakuta kipande cha msumari kwenye unyayo.

"Mama, na hujasikia hii?"

Sikuwa nimesikia. Sukari ilikuwa imeua nyayo zangu, na hakuna aliyewahi kunipima. Goti lilikuwa limesagika. Presha nayo ilikuwa inashuka kila niliposimama. "Parkinson iko," akasema, "lakini haiko peke yake. Hizi zingine ndio zinakuangusha sana, na hizi tunaweza kusaidia." Nililia pale pale, na hayakuwa machozi ya furaha. Nililia miaka miwili niliyokaa kwenye mkeka kwa sababu niliamini neno lako.

Sijapona, usijidanganye. Barua hii imenichukua siku tatu kwa mkono huu. Nikifika mlangoni miguu bado inaganda, hadi nihesabu moja, mbili, tatu, ndipo inatoka. Lakini sukari imetulia, goti nalifanyisha mazoezi, na nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Kila asubuhi naenda hadi getini na kurudi, na kila hatua nataja jina lako. Hakuna dawa iliyonisaidia kama hiyo. Katekista anasema kisasi ni cha Mungu. Nimemwachia Mungu vingi, hiki kimoja nimekichukua mwenyewe.

Kwa hiyo njoo Jumamosi, na mwenzio umlete. Wazee wa ukoo nimeshaongea nao, wamekubali kwamba kiti cha mama ni changu. Wewe na mwenzio nimewawekea viti viwili, upande wa wageni, mstari wa nyuma. Wakwe watasimama getini, nami nitatoka mlangoni kwenda kuwapokea bila kushikwa na mtu.

Zamani ulilalamika kwamba nakwenda mbio. Siku hizi natembea polepole sana, Baba Amoit. Utakaa pale utazame kila hatua mpaka nifike.

Uvuke mpaka salama.

Ni mimi uliyemruka,
Mama Amoit