Mistari Niliyoikata kwenye Habari ya Darasa Lako

Kwako dada yangu Minza,

Habari niliyoandika juu yako inafundishwa chuo kikuu. Amenieleza hivyo mwanao Kabula, kwa simu, Jumatatu saa saba mchana, akiwa nje ya ukumbi wa mihadhara. Yuko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, shahada ileile ambayo wewe hukuipata. Katika somo la mbinu za kufundisha, mhadhiri amewagawia nakala ya kipande cha gazeti la zamani. Jina la mwalimu limefutwa kwa kalamu nyeusi. Jina la mwandishi limeachwa. Chini yake kuna swali: mwalimu huyu alikosea wapi, na mtaala ulimtaka afanye nini?

"Mjomba, huyu ni mama," Kabula aliniambia. "Wameandika Lalago, wameandika jiografia, na jina lako liko hapo juu. Darasa zima linacheka. Kuna mmoja kasema mwalimu huyo alibakiza kuingia na fimbo ya kuchungia tu."

"Wewe ukasema nini?"

"Nimecheka nao. Ningefanyaje?"

Halafu akataka asikie kwangu kama ulifundisha hivyohivyo ilivyoandikwa, kwa sababu mimi nilikuwepo. Nikamwambia mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Wakati ule Kabula hakuwa amezaliwa, na mkoa wa Simiyu haukuwepo. Sote tulikuwa Shinyanga. Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kimali, mwenye cheti, na halmashauri ilikupa ruhusa ya masomo ya miaka mitatu. Nakumbuka siku ulipokuja nyumbani na orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, ukamsomea mama huku anapepeta mpunga: misingi ya elimu, saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, na jiografia yako.

"Kwani ulikuwa hufundishi?" mama akauliza.

"Nilikuwa nafundisha, mama. Sasa naenda kuambiwa kwa nini."

Mama akasema miaka mitatu ni mingi kwa kuambiwa kitu kimoja. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwaka wa pili ulipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja karibu na Lalago. Mimi nilikuwa ripota mgeni. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuota kila mahali, na wanunuzi binafsi wa pamba nao walikuwa wameanza kushindana na chama cha ushirika. Nilitumwa kuandika habari ya pamba. Siku mbili nilishinda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Maswa, na hakuna aliyetaka kusema neno likaandikwa. Siku ya tatu nikadandia lori nikaja kwako, sina habari yoyote.

Ulinikalisha dawati la nyuma. Wanafunzi wa kidato cha pili walisimama wote wakanisalimu kwa Kiingereza, wakidhani ni msimamizi kutoka chuoni aliyekuja kukupima.

"Kaeni," ukawaambia. "Huyo ni wa pamba. Hata ninyi mkimuuzia hajui bei."

Somo lilikuwa la mmomonyoko wa udongo. Kutokana na yale niliyoyaona dakika sita za kipindi kile niliandika habari iliyokaa ukurasa wa tatu, na kichwa cha habari kikasema mwanachuo anafundisha sekondari kwa Kisukuma. Kila sentensi ya habari ile ilikuwa kweli. Ulifundisha kwa Kisukuma. Uliuliza nyumbani kwa nani kuna ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa ili ng'ombe wapate nyasi za kiangazi, na mvulana mmoja akajibu kwamba babu yake anayo, ila jirani anaingiza ng'ombe humo kila babu akienda mnadani. Darasa likavunjika mbavu. Ukawauliza udongo wa ngitili na udongo wa njia ya ng'ombe unatofautianaje mvua ikinyesha, na kwa mara ya kwanza siku ile walinyoosha mikono hadi wa dawati la mbele yangu.

Daftari langu ninalo bado. Nimelitoa jana nikasoma. Saa nne na dakika tano: anaeleza kwa Kiingereza, kufuata andalio la somo. Saa nne na kumi na tano: anarudia yote kwa Kiingereza, polepole, na mchoro ubaoni. Saa nne na ishirini na tatu: anauliza swali, kimya. Saa nne na ishirini na tano: Kisukuma. Saa nne na thelathini na moja: anarudi kwenye Kiingereza, kila mwanafunzi anaandika sentensi zake mwenyewe, anapita kusahihisha. Nimechungulia daftari tatu, wameelewa.

Hayo ya kabla na ya baada niliyaandika kwenye habari, kisha nikayakata. Niliyakata mezani kwenye nyumba ya wageni Maswa, kabla sijaenda posta kuwasomea ofisini habari hiyo kwa simu. Yakiwemo, ilikuwa habari ya mwalimu aliyefundisha vizuri, na niliona haitachapwa. Jina lako na la shule nikayaacha.

Msimamizi wako alikuwa ameshakupima na kukupa alama nzuri. Gazeti lilipofika chuoni uliitwa. Ukaambiwa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza tu, mazoezi yale yamefutwa, utayarudia baada ya mwaka wa tatu, na hilo lilihitaji mwaka wa nne. Halmashauri ikajibu kwa barua ya mistari miwili kwamba ruhusa yako ni ya miaka mitatu. Ukaacha chuo, ukarudi Kimali kufundisha darasa la kwanza.

Ulinikuta nyumbani Bariadi, umekunja gazeti mkononi. Hukugomba. Ulinisalimu kabisa, mwangaluka, nikaitikia.

"Mdogo wangu, ulikaa nyuma pale. Hukusikia nilivyoeleza kwa Kiingereza mara mbili?"

"Nilisikia. Nikaandika. Mhariri amekata."

"Amekata?"

"Nafasi ilikuwa ndogo."

Ulinitazama kidogo, ukaniamini. Shemeji alipokataa kula nami meza moja ni wewe uliyemwambia aniache, yeye mambo ya ofisini kwetu hayajui. Ukawaeleza wajomba, ukamweleza mama, na Kabula alipokua ukamweleza hivyohivyo. Familia nzima imemchukia kwa miaka yote hii mhariri ambaye hakufanya kosa hilo.

Tulipokuzika nilipewa kazi ya kusoma wasifu wako, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi. Niliandika kwamba hukumaliza shahada kutokana na sababu zilizokuwa nje ya uwezo wako. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilikunja karatasi nikairudisha mfukoni.

Nimefundisha maripota vijana wengi tangu hapo. Nawaambia mstari unaoharibu habari yako ndio wa kwanza kuandikwa. Wanadhani nimejifunza kwenye semina.

Sasa Kabula ana swali la kujibu. Akiandika anachotaka mhadhiri, atapata alama zake kwa kueleza jinsi mama yake alivyokosea. Akiandika kilichotokea, itabidi aandike mjomba wake alifanya nini, na hilo bado halijui. Jana jioni nilimpigia nikamwambia asianze kazi ile kwanza, aje, nina daftari la siku ile.

"Lina nini?"

"Lina kipindi kizima. Dakika zote arobaini."

"Kumbe uliandika yote? Sasa yule mhariri wenu alikuwa na roho gani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nikasema aje kwanza tuzungumze ana kwa ana. Kwenye simu alinishukuru, dada. Alisema bora yupo mtu aliyekuwepo.

Sitakuomba msamaha, kwa sababu huna namna ya kunikatalia. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma nikimwona mwanao, maana ana macho yako na anauliza kama wewe. Atapewa daftari aondoke nalo. Akitaka kuliambatisha kwenye kazi yake na jina langu, ni sawa. Shemeji nimeshamwomba awepo.

Lala salama, dada. Kabula anafika stendi ya Bariadi Jumamosi asubuhi, na nitamweleza kabla hajanywa chai. Barua hii inachapwa Jumapili, ili asiisome gazetini kabla hajasikia kwangu. Kazi yake inapokelewa chuoni Jumatano, mwisho saa kumi jioni.

Mdogo wako