Sindano Ile Ile

Jumatano, masika, 1978

Mkono umevimba, lakini nitaandika. Mzee Lemayani wa Endulen alinitandika rungu mlangoni pa boma lake, ng'ombe wakitupa mimba nyuma yake. "Bwana mifugo, unaficha dawa!"

Nikamwambia ni kirusi, kimeletwa na mbu wa mvua hizi. Kinaingia ndani ya seli na kuitumikisha kizaliane humo. Ukikipiga, unaipiga na seli yenyewe. Dawa hatuna.

"Mbona juzi uliwadunga wote?"

Niliwadunga penisilini, isiyoua kirusi, ili nionekane nafanya kazi. Nilianza na ng'ombe wagonjwa, nikamalizia kwa ndama wazima, sindano ile ile, bila kuichemsha. Leo ndama wamekufa, damu imewajaa puani.

Alinipiga rungu moja tu. Habari ya sindano haijui.