Toleo la Pili Halifuti la Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Waraka umetoka ofisi kuu. Kila mhadhiri asajili machapisho yake kwenye hifadhi huria ya chuo, ili yeyote, popote alipo, ayasome bure. Kisichosajiliwa hakitahesabiwa na kamati ya kupandisha vyeo. Kamati inakaa tarehe 18 – na faili langu limo. Uprofesa mshiriki nimeungoja kwa subira ambayo mke wangu anaiita uzembe.

Waraka nauunga mkono kwa moyo mweupe. Elimu iliyofungiwa kabatini ni samani tu.

Jumanne, 5 Machi

Mkutubi wa hifadhi, dada mpole asiyeyumba, amezikataa makala zangu. Nilimpelekea zilizochapwa, maridadi, zenye nembo ya jarida. Hapana, Dokta – hizo ni mali ya mchapishaji. Yeye anataka miswada ya mwisho, kama ilivyotoka mikononi mwangu kabla jarida halijaipamba.

Nikamjibu kwa fahari kwamba sijawahi kupoteza mswada. Alasiri nikaipakia yote. Ya mwisho ilikuwa “Nafasi ya Kimya katika Vikao vya Kazi”, niliyoiandika pamoja na Mkuu wa Idara. Pamoja – yaani mimi niliandika, naye akaleta aya moja na jina lake.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa.

Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, na ndiye mhariri wangu. Kwenye chai ameuliza, hivi hivi tu, ile ya kimya nilipakia faili gani. Yako mawili: “mwisho” na “mwisho kabisa”. Nikasema, bila shaka, “mwisho kabisa”.

Akaweka kikombe chini. “Iliyo safi ni ‘mwisho’. ‘Mwisho kabisa’ ndiyo yenye maneno yetu pembeni.”

Nimeifungua hifadhi. Yapo yote, kwa rangi. Ukurasa wa saba, mke wangu: *Nani kaandika aya hii? Si wewe.* Mimi: *Ni ya Mkuu. Haisemi kitu, lakini inakisema kwa kirefu.* Yeye: *Ifupishe basi.* Mimi: *Puto halifupishwi. Linatobolewa.* Chini yake: *Ukitoka nunua dawa ya mbu. Na mama anakuja Jumamosi, usijifanye una kikao.*

Mkuu wa Idara ndiye mwenyekiti wa kamati.

Ijumaa, 8 Machi

Maktaba, kabla milango haijafunguliwa. Nikaomba faili lifutwe. Mkutubi akanifafanulia kwa upole wa daktari: kazi ikishapewa namba ya kudumu, ni ya kudumu. Naweza kuweka toleo la pili. La kwanza litabaki, kwa ajili ya historia.

Nikauliza, historia ya nani, dada?

“Ya elimu, Dokta.”

Nimeweka toleo la pili, safi kama shuka la hospitali. Amenifariji kwamba makala hizi kwa kawaida hazisomwi na mtu. Kisha, macho yakiwa kwenye kibodi, akauliza kama ile dawa ya mbu ilipatikana.

Jumanne, 12 Machi

Zinasomwa.

Hifadhi inaonyesha idadi ya waliopakua. Kazi zangu nyingine zimepakuliwa na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Ya kimya inaongoza chuo kizima – toleo la kwanza. La pili hakuna aliyeligusa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amenisimamisha kwenye ujia, mkono kifuani, akisema ukurasa wa saba umembadilishia maisha.

Mkuu naye ameziona takwimu. Takwimu, si makala. Yeye hasomi, huletewa taarifa. Amenikumbatia kwenye ngazi. “Unaona, ndugu yangu? Ile aya imewaingia watu.”

Nikakubali kwamba imewaingia.

Kwenye kikao cha idara akatuagiza sote tuisome. Hakuna aliyefungua mdomo. Kilikuwa kimya kamili, cha aina ya tatu katika uainishaji wangu. Inasikitisha kwamba sikuwa katika hali ya kukinukuu.

Alhamisi, 14 Machi

Mkuu amenipita mlangoni. Akasalimia kwa ukamilifu: habari za asubuhi, habari za kazi, habari za nyumbani.

“Na mama mkwe? Alifika salama ile Jumamosi?”

Ameisoma.

Jumamosi, 16 Machi

Taarifa imeingia kwenye simu yangu: mwandishi mwenza amepakia toleo la tatu.

Nimempigia mkutubi. Mwandishi mwenza ana haki, Dokta. Mfumo hauulizi nia.

Tumeifungua pamoja, mimi na mke wangu. Mkuu amejibu maoni yote, moja moja, kwa wino wa buluu. Kwenye swali la nani kaandika: *Ni mimi, shemeji. Karibu ofisini tujadiliane.* Kwenye puto: *Nimeona. Tuonane Jumatatu.*

Mke wangu amecheka mpaka akatoka chumbani. Aliporudi hakuwa anacheka.

“Kamwombe radhi. Kesho, nyumbani kwake. Mdomo huo ndio uliotufikisha hapa, ndio utakaotutoa.”

Jumapili, 17 Machi

Radhi imeandikwa. Fupi, ya heshima, haina tanbihi. Nimemsomea mke wangu nikiwa nimesimama. Akasema hii ndiyo kazi yangu ya kwanza isiyohitaji kalamu yake. Anapiga pasi shati. Mkuu yuko kwake mpaka saa kumi na moja.

Nimefungua toleo la tatu mara moja tu, ili nirejelee maneno yake kwa usahihi.

Ukurasa wa nane. Anaitetea aya yake kwa kumnukuu mtaalamu mmoja – na huyo mtaalamu hakusema hivyo. Alisema kinyume chake! Kitabu ninacho hapa, juu ya goti.

Kumwachia kosa hilo mbele ya wasomaji wote wale si ungwana. Nimeandika maoni madogo pembeni, kwa adabu, pamoja na ukurasa sahihi. Na mengine madogo chini yake, kwa kuwa mwaka nao ameukosea.

“Shati tayari,” anasema mke wangu mlangoni. “Unafanya nini?”

Nakuja.

Mfumo unaniuliza kama nina hakika. Toleo la nne likishapokelewa, halitafutika.

Ameingia. Shati mkononi, bado lina moto. Anasoma juu ya bega langu, na sasa nayangoja maneno yake kama mtu anayengoja sindano. Amenyamaza – aina ya nne, ambayo sikuwahi kuiandika.

“Sentensi ya pili ndefu mno,” amesema. “Haichomi.”

Amelitundika shati kwenye mgongo wa kiti, akavuta kiti kingine.

“Sogea.”