Posa Shambani mwa Kokoa

Alhamisi, 19 Februari 1976
Suruali za polisi tena. Cherehani inakata uzi na hasira zinanipanda. Redio imerudia yale ya Rais kudai ardhi ya Kenya, na Wakenya wa hapa tunaogopa kufukuzwa. Otieno, Mkenya mwenzangu wa chumba cha pili, anafunga mizigo. Mimi siendi popote. Jumamosi nakwenda upande wa Mukono, kwa baba yake Nakato, mkulima wa kokoa. Shangazi yake Nakato, muuza ndizi hapa Mengo, ndiye aliyenifungulia njia. Namtaka Nakato awe mke wangu. Mzee yule namwogopa kuliko redio.

Jumamosi, 21 Februari
Nimerudi. Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi walibaki na sukari ya zawadi. Nikafika na sabuni tu. Aibu.

Shamba zuri, kivuli kitupu. Matunda yameng'ang'ania shina lenyewe. Shangazi, aliyenisindikiza, akanipa punje nifyonze. Tamu, chachu kidogo. Nilitarajia chokoleti, mjinga mimi.

Kisha nikajitia ujuzi. Nikakamata panga, nikapasua matunda kwa nguvu zote. Kumbe hugongwa kwa rungu, punje zisikatwe. Iliyokatwa huoza na kuharibu nyingine. Mzee akaziokota, akazitupa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wakati wa kuaga akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taabu: "Wakikufukuza urudi Kenya, Nakato nabaki na nani?"

Nikasema hawatanifukuza. Hata mimi sikujiamini.

Jumatatu, 23 Februari
Otieno ameondoka. Fundi wa nguo mzima, nimeshindwa kupasua tunda! Kiherehere changu kitanikosesha mke. Leo nimeshona mfuko juu chini.

Jioni nimemtuma shangazi kwa mzee na jibu la kweli. Wakinifukuza, nitaondoka na Nakato, tutakaa kwa mama yangu Bungoma, Kenya. Kama ni kunikataa, anikatae kwa hilo.

Jumatano
Hakuna neno. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 27 Februari
Mvua tangu asubuhi. Shangazi amekuja, ameketi kwenye kiti cha wateja, amekataa chai. Akatoa kikapuni mche wa kokoa, mizizi imefungwa kwa jani la mgomba.

"Mzee nasema, peleka kwa mama yako, apande. Nakato akifika huko, akute kitu ya kwao."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Akacheka, akaenda zake.

Mche nimeuweka karibu na dirisha. Nimemaliza suruali mbili.